Kweli au Uongo? Porojo za Marvel vs. Capcom Zapimwa kwa Toleo Jipya

Tarehe 12 Septemba 2024 Capcom, kampuni ya gemu ya Osaka, ilitoa Marvel vs. Capcom Fighting Collection: Arcade Classics. Ni mkusanyiko wa gemu saba zilizotengenezwa kati ya mwaka 1993 na 2000 kwa ajili ya mashine za sarafu: Wolverine, Spider-Man na wenzao upande mmoja, Ryu, Chun-Li na wenzao upande wa pili. Baadhi ya gemu hizo hazikuwahi kurudi kwenye konsoli za nyumbani tangu enzi za PlayStation ya kwanza.

Gemu ikipotea madukani miaka yote hiyo, porojo hushika nafasi yake. Aliyecheza kwenye ukumbi wa gemu kule Tokyo, aliyecheza kwenye PlayStation sebuleni, na aliyepakua nakala ya wizi kwenye kompyuta, wote watakuapia kwamba wanaijua X-Men vs. Street Fighter. Wasikilize vizuri na utagundua wanaeleza gemu tatu. Mengi yanayosemwa kuhusu gemu hizi yametokana na nakala ambayo msemaji alibahatika kuipata, wala si gemu yenyewe. Sasa programu ileile iliyokuwa ndani ya mashine za sarafu inauzwa tena, na madai yanaweza kupimwa.

"X-Men vs. Street Fighter ni ya mpiganaji mmoja mmoja; mwenzake huja kusaidia tu"

Uongo, ingawa anayesema hivyo hakuota. Huyo alicheza toleo la PlayStation la mwaka 1998.

Kwenye mashine ya sarafu ya mwaka 1996, kila mchezaji alichagua wapiganaji wawili na aliweza kuwabadilisha wakati wowote katikati ya pambano. Aliyetoka alipumzika na kurudisha sehemu ya uhai wake. Hilo ndilo wazo zima la gemu. Ukiliondoa, unabaki na Street Fighter yenye rangi nyingi.

Capcom haikuliondoa kwa uvivu. Bodi ya mashine ya sarafu, iitwayo CPS-2, ilisoma picha moja kwa moja kutoka kwenye chipu zake. Kila mkunjo wa ngumi wa kila mhusika ulikuwa tayari kuitwa papo hapo. PlayStation ilisoma kutoka kwenye CD, na CD ni nzito kuamka. Kila kitu kilichohitajika ndani ya pambano kilipaswa kupakiwa kabla pambano halijaanza, kwenye kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 na kumbukumbu ya picha ya megabaiti 1. Wapiganaji wanne wakubwa waliochorwa kwa mkono, wenye mamia ya picha kila mmoja, hawakuenea humo. Basi wakabakizwa wawili, na wenzao wakapewa kazi ya kuruka ndani, kupiga pigo moja na kuondoka. Kulikuwa na upenyo mmoja: pande zote mbili zikichagua wapiganaji walewale, picha zinazohitajika zinakuwa za watu wawili tu, na hapo kubadilishana kuliwezekana.

Sega Saturn ilipata toleo kamili mwaka 1997, lakini kwa kuchomekewa kadi ya ziada ya kumbukumbu ya megabaiti 4, tena Japani pekee. Afrika Mashariki, ambako PlayStation ya kwanza ndiyo iliyotawala vibanda na sebule, aliyeiona gemu hii aliiona ikiwa imekatwa miguu. Mkusanyiko wa 2024 umetumia toleo la mashine ya sarafu. Kama uliicheza zamani ukaiona ya kawaida, ijaribu upya kabla hujaitolea hukumu.

"Gemu zote saba ni za kupigana ana kwa ana"

Uongo. Sita ni hizo. Ya saba ni The Punisher ya mwaka 1993: unatembea mtaani ukipiga magenge ya wahuni, peke yako au na rafiki anayemshika Nick Fury, mpaka mfike kwa Kingpin. Imewekwa humo kwa sababu ni ya Capcom na Marvel, basi. Na ni tamu.

"Mtindo wa kuchanganya wahusika wa gemu tofauti ulianza na X-Men vs. Street Fighter"

Uongo, na Capcom haikuwa hata ya kwanza.

Wapinzani wao wa Osaka, SNK, walimficha Ryo Sakazaki wa Art of Fighting ndani ya Fatal Fury Special mwaka 1993, akiwa mpinzani wa siri anayejitokeza kwa mchezaji aliyefanya vizuri sana. Mwaka uliofuata wakatoa The King of Fighters '94, iliyokusanya wahusika wa gemu zao kadhaa katika timu za watu watatu watatu. Capcom ilijibu mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1994 kwa njia ya chini kwa chini: ndani ya X-Men: Children of the Atom, gemu ya Marvel tupu, alifichwa Akuma wa Street Fighter. Kila kilichofuata kati ya Marvel na Capcom kilipitia mlango huo aliouacha wazi.

Utani kati ya kampuni hizi mbili nao una historia yake. Takashi Nishiyama, aliyeongoza Street Fighter ya kwanza ya mwaka 1987, alihamia SNK na huko akatengeneza Fatal Fury. Ryo na Robert wa SNK walipoonekana kufanana mno na Ryu na Ken, Capcom ilimchora Dan Hibiki, mpiganaji dhaifu mwenye majigambo, ili kuwacheka waziwazi. Waliokuwa wakichekana hivyo ndio walioketi pamoja na kutoa Capcom vs. SNK mwaka 2000 na ya pili yake mwaka 2001. Zote mbili zimerudi katika Capcom Fighting Collection 2 ya Mei 2025.

"Marvel ilifilisika, ndipo ikawakodisha mashujaa wake kwa Capcom"

Hii husemwa kwa kujiamini sana, kwa kuwa nusu yake ni ya kweli. Marvel iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Desemba 1996. Tatizo ni kalenda. The Punisher ilitoka 1993, Children of the Atom 1994, Marvel Super Heroes 1995, na X-Men vs. Street Fighter ilikuwa tayari kwenye kumbi za gemu miezi kadhaa kabla ya ombi hilo kufika mahakamani. Uhusiano ulianza wakati Marvel ingali inavuma.

Ukitafuta sababu, itazame televisheni. Katuni ya X-Men ilianza kurushwa Marekani mwaka 1992 na kupata umaarufu mkubwa, na Capcom haikuficha kwamba inaifuata: sauti ya Wolverine ndani ya Children of the Atom ni ya Cal Dodd, yuleyule wa kwenye katuni.

"Marvel vs. Capcom 2 ina wapiganaji 56, kwa hiyo una timu zisizohesabika"

Kwenye karatasi ni kweli. Mezani ni uongo mtupu.

Tuanze na hesabu. Wapo 56, nusu wa Marvel na nusu wa Capcom. Lakini Wolverine amehesabiwa mara mbili, mmoja mwenye makucha ya chuma na mwingine mwenye makucha ya mfupa. Wengi wa waliobaki wamebebwa kutoka gemu za nyuma pamoja na picha zao, na ndiyo maana Morrigan, aliyechorwa kwa ajili ya Darkstalkers, anaonekana amefifia akisimama karibu na mandhari ya pande tatu ya mwaka 2000. Ukiwaweka wote kwenye skrini moja, tofauti ya miaka ya wachoraji inaonekana kwa macho. Mimi sioni ubaya. Gemu hii haikuwahi kudai kuwa nadhifu.

Kisha njoo kwenye mashindano. Timu ni ya wapiganaji watatu, na aliye uwanjani anaweza kuwaita wenzake wapige pigo la msaada. Miaka kumi ya ushindani Marekani ilionyesha kwamba wanne wanawazidi wengine wote: Magneto, Storm, Sentinel na Cable. Magneto ana kasi ambayo jicho haliifuati. Storm hukaa angani, akakukimbia mpaka saa iishe kama ana uhai zaidi yako. Sentinel ni jitu la chuma linaloruka, linalohimili kipigo, na vyombo vyake vidogo vinavyofyatuliwa kama msaada hufunga nusu ya skrini. Cable ana mzinga wa mwanga anaoweza kuufyatua akiwa hewani, mara baada ya mara, mradi mita yake ya nguvu imejaa. Ukikosea hatua moja mbele yake, umekwisha.

Hapo kuna mambo mawili ambayo wasimuliaji huyasahau. Kwanza, wote wanne ni wa Marvel. Kampuni iliyotengeneza gemu haikuweza kumweka hata mhusika wake mmoja kwenye daraja la juu kabisa. Kubwa lililopatikana ni Captain Commando, aliyeajiriwa karibu kwa kazi moja tu, ya kuitwa apige nguzo yake ya umeme na kutoka. Pili, watatu kati ya hao wanne, yaani Magneto, Storm na Sentinel, walichorwa kwa ajili ya Children of the Atom ya mwaka 1994. Magneto wakati huo alikuwa bosi wa mwisho, hachaguliki. Uwezo wao wa kuruka na kuelea ulipimwa kwa gemu ya polepole, ya mtu mmoja kwa mmoja. Wakaingizwa nao kwenye gemu ya watatu kwa watatu yenye kasi nyingine kabisa, na hakuna aliyewapunguza makali.

Ingetarajiwa kwamba gemu isiyo na mizani namna hiyo ingekufa haraka. Haikufa. Ilikuwa kwenye ratiba ya Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana Marekani, kuanzia 2002 hadi 2010, na Justin Wong wa New York alijijengea jina lake humo kwa kutwaa ubingwa mara nyingi. Wanne hao walikuwa wakali kiasi kwamba walidhibitiana wenyewe kwa wenyewe. Wapiganaji wengine hamsini na wawili walikuwa mapambo, wasaidizi, au silaha ya mkorofi anayetaka kumshtua bingwa.

"Makosa ya programu yalipaswa kurekebishwa kwenye toleo jipya"

Uongo, na hapa sina upole.

Gemu hizi zimejaa hitilafu. Katika Marvel vs. Capcom 2, Juggernaut akijiongezea nguvu kisha akatolewa nje kwa wakati unaofaa, nguvu ile hubaki naye pasipo haki. Magneto anaweza kumfunga mtu kwenye mfululizo wa mapigo usio na mwisho, mradi vidole vya mchezaji havichoki. X-Men vs. Street Fighter nayo imesheheni mifululizo ya aina hiyo. Mtu mpya akiviona hivi hudhani anaibiwa.

Ila tukumbuke kombo yenyewe, huo mfululizo wa mapigo ambao leo ndio moyo wa gemu za kupigana, ilitoka wapi. Noritaka Funamizu, mmoja wa watengenezaji wa Street Fighter II, alikuwa akikagua hatua ya ziada ya kuvunja gari alipogundua kwamba mapigo fulani yanaungana pale ambapo hayakupaswa kuungana. Waliona ni vigumu mno kwa mchezaji wa kawaida kuyafanya makusudi, wakayaacha yalivyo. Mwaka ulikuwa 1991. Wachezaji waliyaona, wakayafanyia mazoezi, na tangu hapo ni nadra kupata gemu ya kupigana isiyo na kombo. Tungerekebisha kila hitilafu, tungeanzia hapo, na tusingekuwa na chochote cha kuandikia.

Marvel vs. Capcom 2 ambayo watu wameishindania kwa zaidi ya miaka ishirini ni gemu pamoja na hitilafu zake. Ukiziondoa umetengeneza gemu nyingine, pengine nzuri, ila hakuna aliyeiomba.

"Bodi halisi ya zamani haishindwi na toleo lolote la kisasa, chuma hakizeeki"

Uongo, na wenye bodi wanajua kwa uchungu.

Street Fighter II iliifundisha Capcom somo la uharamia. Bodi zilinakiliwa, programu zikachezewa, na mashine za bandia zenye Ryu anayerusha mipira ya moto kutoka hewani zikaenea duniani. Bodi mpya ya CPS-2, iliyoanza kutumika mwaka 1993, ikaja na kinga kali. Programu ilisimbwa, na funguo za kuifungua ziliwekwa kwenye kumbukumbu inayotunzwa kwa betri ndogo ya lithiamu. Ukifungua bodi vibaya au ukiichomoa betri, funguo zinafutika. Betri ikiisha yenyewe kwa uzee, funguo zinafutika vilevile. Unawasha mashine, unapata skrini yenye rangi moja na kimya. Gemu zote za Marvel kuanzia Children of the Atom hadi Marvel vs. Capcom ya kwanza ziko kwenye bodi hiyo. Wakusanyaji waliipa jina la betri ya kujiua.

Yaani kampuni iliuza mashine yenye tarehe ya kufa. Kwa mwenye ukumbi wa gemu wa mwaka 1996 hilo halikuwa tatizo. Mwaka wa tano angekuwa ameshanunua nyingine. Kwa anayetaka kuitunza historia, ni balaa.

Usimbaji huo ulidumu. Kikundi cha wapenzi kilipata njia ya kuuzunguka mwaka 2001, na mwaka 2007 Andreas Naive akishirikiana na Nicola Salmoria, mwanzilishi wa programu ya MAME inayoiga mashine za sarafu, wakafumbua hesabu yenyewe. Baadaye, mwaka 2016, ikapatikana njia ya kuirudishia bodi iliyokufa funguo zake bila kuikatakata. Kwa hiyo CPS-2 nyingi zinazowaka leo mikononi mwa wakusanyaji zinawaka kwa hisani ya watu ambao Capcom ya wakati ule ingewaita maharamia.

"Picha ikiwa safi na kali ndivyo ilivyokuwa mwanzo"

Uongo. CPS-2 ilitoa picha yenye nukta 384 kwa upana na 224 kwa kimo. Gawanya utaona ni umbo pana, kama 12 kwa 7. Skrini ya mashine ilikuwa 4 kwa 3. Picha ilibanwa kwa upana ili ienee, na wachoraji walijua hivyo, wakachora wakilenga umbo la mwisho. Ukizionyesha nukta zile kama miraba kamili kwenye televisheni ya leo, kila mtu amenenepa na mwezi umekuwa yai.

Kisha kuna mng'ao. Skrini za kioo kizito za enzi hizo zilichora mistari yenye nafasi kati yake, na rangi za nukta jirani zilivujiana kidogo. Vivuli vya misuli ya Wolverine vilitegemea kuvujiana huko. Mkusanyiko una vichujio vya kuiga hali hiyo. Wengi huvizima kwa kudhani ni ukungu. Viwashe, keti hatua mbili nyuma, kisha amua.

"Mashine ilikuwa inakudanganya ili ile sarafu zako"

Kwa sehemu kubwa ni kweli. Ndani ya mashine kulikuwa na ukurasa wa mipangilio ambao mteja hakuuona. Mwenye mashine alichagua humo ukali wa mpinzani wa kompyuta na kiasi cha madhara ya kila pigo. Kwa hiyo ule ubishi wa kaka wawili kuhusu bosi Apocalypse yupi alikuwa mgumu zaidi, wa ukumbi huu au wa ule, hauna mshindi. Walicheza mipangilio miwili.

"Capcom ilimficha mchekeshaji wa Kijapani asionekane nje ya Japani"

Kweli tupu, na ni porojo ninayoipenda kuliko zote. Ndani ya Marvel Super Heroes vs. Street Fighter ya mwaka 1997 yumo Norimaro, kijana mwoga aliyevaa sare ya shule, ambaye hupigana kwa kurusha vitu vyake ovyo. Nyuma yake yuko Noritake Kinashi, mchekeshaji maarufu wa televisheni wa Japani, ndiye aliyemtolea sauti. Matoleo ya nje ya Japani yalimwondoa kwenye orodha, na watoto wa Marekani walipoambiana kwamba kuna mpiganaji mwenye begi la shule anayemkabili Hulk, waliitwa waongo. Mkusanyiko wa 2024 umemwachia acheze dunia nzima, kwa mara ya kwanza kihalali.

"Kwa mfumo mpya wa mtandao, umbali si tatizo tena"

Nusu kweli, na ile nusu ya uongo inatuhusu sisi zaidi ya wengine.

Mfumo wa zamani wa kucheza kwa intaneti ulikuwa wa kusubiri: ukibonyeza kitufe, gemu inangoja taarifa ya mwenzako ifike ndipo isogee. Kwenye gemu inayochora fremu 60 kwa sekunde, kungoja huko kulifanya vidole vihisi kama vimefungwa. Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa Evo, aliudhika na toleo la Street Fighter II la Xbox 360 la mwaka 2006 kiasi cha kuandika mfumo wake mwenyewe, GGPO. Mbinu yake huitwa rolbaki.

Rolbaki haingoji, inabahatisha. Inadhani kwamba mwenzako anaendelea kufanya alichokuwa akifanya fremu iliyopita, na mara nyingi inapatia, maana mtu anayetembea mbele huendelea kutembea mbele. Taarifa ya kweli ikifika na kuonyesha amebonyeza kitu kingine, gemu inarudi nyuma fremu chache, inacheza upya kwa taarifa sahihi, na kukuletea matokeo kabla ya fremu inayofuata kuchorwa. Gemu za miaka ya 1990 zinafaa sana kwa kazi hii kwa kuwa hali yake yote ni ndogo na kompyuta ya leo huikokotoa upya bila kutoa jasho. Mkusanyiko wa 2024 unatumia rolbaki katika gemu zote saba, nayo ni kazi nzuri.

Umbali, hata hivyo, haujafutwa, umefichwa tu. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, hivyo taarifa ingechukua milisekunde 37 hivi kwenda tu, zaidi ya fremu mbili, hata kama waya ungenyooshwa kama rula. Haukunyooshwa. Nyaya kama SEACOM na EASSy hupita baharini, na njia ya kuelekea Ulaya huzunguka kupitia Bahari ya Shamu. Rolbaki itabahatisha fremu nyingi zaidi, itakosea mara nyingi zaidi, na utamwona Magneto akihama ghafla kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine bila kupita katikati. Gemu hii hasa haisamehi, kwa kuwa kila kitu humo ni cha kasi. Mpinzani wako mzuri yuko Nairobi, Kampala au mtaa wa pili.

"Gemu hizi zilipotea kwa kuwa hazikuuzika, sasa zimerudi, hazitapotea tena"

Uongo mara mbili.

Marvel vs. Capcom 2 ilirudi kwa kupakuliwa kwenye Xbox 360 na PlayStation 3 katikati ya mwaka 2009. Wiki chache baadaye Disney ilitangaza kuinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4. Marvel vs. Capcom 3 ya mwaka 2011 iliuza zaidi ya nakala milioni 2, kwa hiyo wateja walikuwepo. Lakini mashujaa ni wa kukodi, na mkataba wa kukodi una mwisho. Desemba 2013 Marvel vs. Capcom 2 iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Toleo la mwaka 2012 lililokuwa na gemu mbili za awali nalo likafuata. Capcom iliporudi na gemu mpya mwaka 2017, Marvel vs. Capcom: Infinite, hapakuwa na mwana X-Men hata mmoja. Fikiria: mfululizo uliozaliwa na Wolverine, bila Wolverine.

Kilichobadilisha upepo ni kelele za mashabiki, zilizopamba moto kuanzia mwaka 2021 kwa kampeni ya kutaka Marvel vs. Capcom 2 iachiwe huru, pamoja na mazungumzo ya wanasheria ambayo hatukualikwa. Hakuna popote palipoandikwa kwamba mkataba wa safari hii ni wa milele. Ukilipa ukapakua, umenunua ruhusa. Mkusanyiko huu umetolewa pia kwa diski ya PlayStation 4 na kadi ya Switch. Ukikuta nakala hiyo kwa bei unayoimudu, nunua hiyo.